Namsikia Baba

Juzi nilipita Kizota kutafuta fundi wa kunitengenezea mlango wa stoo. Mbele ya karakana moja kijana alikuwa amechuchumaa, anachomelea miguu ya kitanda cha chuma, na harufu ikanifikia kabla sijaona cheche. Ni harufu ya chuma kinachoungua pamoja na rangi ya zamani iliyokuwa juu yake, kavu, chungu kidogo, inayokwama nyuma ya koo. Nikasimama palepale. Nikashika nguzo ya umeme iliyokuwa karibu nami, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo, "Samahani dada, na wewe unaisikia hii harufu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ni mchana. "Si hao mafundi? Hapa inanuka kutwa nzima."

Nikamshukuru kwa furaha ambayo hakuielewa. Ndivyo ninavyoishi. Harufu hiyo ikija huwa siwezi kujua mara moja kama ipo hewani au imetoka kichwani mwangu, na inanibidi niulize watu.

Wa rika langu mliokulia Dodoma mtakumbuka wakati chuo kikuu kilipokuwa kinajengwa kule milimani, kila mwenye kiwanja akaanza kuinua nyumba ya kupangisha. Kila nyumba ilitaka geti na grili za madirisha. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea hapo hapo Kizota, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kazi zilimzidi. Akaajiri vijana. Akanunua pikipiki. Akaanza msingi wa nyumba yetu wenyewe, ingawa bado tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nkuhungu. Alikuwa Mgogo wa Bahi, alisilimu ili amwoe mama, ambaye ni Mrangi wa Kondoa. Mjomba Issa, kaka mkubwa wa mama, alikula pilau ya harusi lakini kusilimu kwenyewe hakukuamini hata siku moja.

Mimi nilimjua baba kwa pua. Jioni nikiwa uani nilikuwa najua amefika kabla pikipiki haijazimwa. Ovaroli yake, nywele zake, hata mkate alioushika, vyote vilinuka ule moto wa chuma. Nilikuwa namrukia shingoni na kuvuta pumzi kwa nguvu, naye akicheka, "Zuhu, utanimaliza."

Mara ya kwanza nilikuwa nacheza rede na wenzangu nyuma ya nyumba. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa katikati, nakwepa mpira, mara nikamsikia baba. Harufu ilikuja nene, kama amesimama begani kwangu. Nikafurahi. Nikageuka kumtafuta, na tumboni kitu kikapanda kwa kasi, kama pikipiki inaposhuka bondeni ghafla.

Kilichofuata sina. Si kwamba nimekisahau. Hakikuwahi kuwa changu. Nakumbuka tu nipo kwenye mkeka ndani, gauni limelowa, ulimi unauma, na Mama Neema jirani yetu amenipigia magoti na kijiko mkononi. Mama alikuwa analia kimyakimya. Mlangoni wenzangu walikuwa wamejaa, wananitazama kama mtu aliyefanya jambo kubwa sana.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Umeanguka tu."

"Nimeangukia wapi?"

Mama akaanza kunifuta uso kwa upindo wa kanga, na mdomoni mwangu kulikuwa na ladha ya chuma.

Ikaja tena. Ikaja shuleni, wakati wa hesabu. Ikaja dukani nikiwa nimetumwa chumvi. Kila mara ilianza na harufu ya baba, kisha mimi naondoka, kisha narudi nimechoka kama niliyelima kutwa, kichwa kinagonga, watu wamenizunguka, na hakuna anayetaka kusema nilikuwa wapi. Nyumbani walisema "ile hali". Mwalimu alimwambia mama nipumzike mpaka "hali itulie". Mama Neema alimkataza binti yake kucheza nami, na Neema mwenyewe, rafiki yangu wa kulala mkeka mmoja, akanieleza kwa mbali, akiwa amesimama ng'ambo ya mfereji: "Mama anasema mate yako yakinigusa na mimi nitaanguka." Nikatazama viganja vyangu. Sikujua nina mate ya namna hiyo.

Kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyenieleza, nilijieleza mwenyewe. Harufu ni ya baba. Kwa hiyo anayekuja ni baba. Anakuja kwa nyuma, ananifanya kitu ambacho sikioni, ananiwekea chuma mdomoni, anaondoka kabla sijafumbua macho. Kile kijiko cha Mama Neema sikukifikiria kabisa. Alikuwa anakipenyeza kati ya meno yangu kila nilipoanguka karibu na kwake, akiamini ananisaidia, na ndiye aliyenimegua jino hili la mbele.

Nikaanza kumkimbia baba. Jioni pikipiki ikizimwa, mimi nipo uvunguni mwa kitanda. Aliniletea zabibu kwenye mfuko, akainama, akaninyooshea. "Zuhu, mbona siku hizi hunipokei?" Mkono ulinuka. Nikajisogeza mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliziacha zabibu sakafuni akatoka, na nikamsikia anamuuliza mama, "Kwani umemwambia nini huyu?"

"Mimi? Sijamwambia kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kitu nyumbani kwetu.

Mjomba Issa alikuja alasiri moja bila taarifa, na kanzu yake imejaa vumbi la barabara ya Kondoa. Baba alikuwa kazini. Mjomba alikunywa chai, akazunguka akatazama msingi wa nyumba mpya, akarudi, akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Njoo ukae hapa." Alinikalisha karibu naye, akanishika mkono kwa upole. Alikuwa ananipenda, hilo lazima niliseme. "Nataka unieleze, usiogope. Kabla hujaanguka, huwa unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Husikii kitu?"

"Namsikia baba."

Mama aliweka birika chini.

"Baba yako? Anakuita?"

"Haniiti."

"Anasema nini sasa?"

"Hasemi. Anakuja tu, halafu mimi naondoka."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Lakini Kiswahili chetu kimevipa sikio na pua neno moja, nami nilikuwa nasema la pua na wao wakasikia la sikio. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mjomba aliniachia mkono, akamgeukia mama.

"Umesikia mwenyewe, tena kwa mtoto. Pikipiki, vijana wa kazi, nyumba. Na mtoto anaanguka msimu huohuo. Amemtoa, dada yangu. Amemtoa mtoto kafara."

Kafara sikulijua. Nililishika neno "amemtoa". Nikafikiri: amenitoa wapi? Kisha nikaona linaingia vizuri kabisa katika yale niliyokwisha kuyapanga. Baba anakuja, ananitoa, ndiyo maana nikirudi sijui nilikuwa wapi. Nikatulia. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amekubaliana na mimi.

Baba aliporudi nilipelekwa kwa jirani mwingine, na kutoka huko nilisikia sauti tu. Ya mjomba ilikuwa juu, ya baba ikawa juu zaidi, kisha ya baba ikakatika ghafla. Kesho yake asubuhi tulikuwa stendi, mimi na mama na mjomba, tunapanda basi la Kondoa. Baba alikuja akakimbilia dirishani kwangu akiwa na ovaroli. Alishika ukingo wa kioo.

"Zuhu. Baba amekufanya nini? Niambie wewe."

Nikaziba pua kwa vidole viwili. Nilidhani nikifanya hivyo nitawahi kabla sijaondoka. Basi likaanza kurudi nyuma, na nilimwona anaangalia vile vidole vyangu, haangalii macho.

Kondoa tulifikia kwa bibi, mama yake mama. Bibi aliniita mke mwenzake, akanilisha makande na maziwa, akanilaza kitandani kwake upande wa ukutani ili nisianguke. Mjomba alimleta maalim aliyeandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaiosha kwa maji nikanywa. Alinisomea polepole, mkono wake juu ya utosi wangu, na ubani ulijaa chumbani kote. Nilipenda kusomewa. Nilisinzia.

Lakini harufu ikaja. Ikaja juu ya ule ubani, ikaupita, na nikaondoka.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Baba alikuwa Dodoma. Sasa amefikaje? Nikaamua kwamba anapanda basi, ananitoa, kisha anarudi na basi la mchana. Nikawa nikipata nafasi natoroka kwenda kukaa karibu na stendi, nawatazama abiria wanaoshuka, hasa buti zao, kwa kuwa baba alikuwa anavaa buti zenye madoa meupe ya moto. Mjomba naye alikuwa akisema barazani kwamba mtu wa namna ile hahitaji basi, ana njia zake. Mimi nilisema basi, yeye alisema njia, na kumbe wote wawili tulikuwa tunamngoja mtu mmoja ambaye hakuwa njiani.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nisingeweza kumwambia yeyote. Nilikuwa namkumbuka. Ile harufu ikianza, kabla ya woga kuingia, kulikuwa na nafasi ndogo sana ambayo ndani yake nilifurahi, kwamba baba amekuja. Woga na furaha vilikuja pamoja, na sikujua kipi nikifuate.

Asubuhi moja bibi alitoka kufungulia mbuzi, akaniambia nisisogelee jiko. Nilisogea kidogo tu, nione kama uji umechemka. Nikamsikia baba. Nikageuka.

Niliporudi, mkono wangu wa kushoto haukuwa wangu. Ulikuwa unalia wenyewe, kuanzia kiwiko kushuka, na bibi alikuwa ananivuta kutoka kwenye mafiga huku akipiga kelele za kuita watu. Kovu ninalo mpaka leo, huwa nalifunika kwa mikono mirefu, si kwa aibu bali kwa kuchoka kuulizwa.

Hospitalini mjomba hakuwepo, alikuwa amesafiri kwenda Babati. Aliyenisafisha kidonda alikuwa tabibu mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya chini inayomfanya mtu anyamaze ili amsikie. Aliuliza nimeunguaje.

"Alianguka," mama akasema.

"Huwa anaanguka?"

Mama akatazama mlango. "Ni mambo ya nyumbani, dada."

Tabibu hakubishana naye. Akaendelea kufunga bandeji, kisha akaniuliza mimi. "Mdogo wangu, ukitaka kuanguka huwa unajua?"

"Ndiyo. Namsikia baba."

"Anasema nini?"

"Hasemi."

"Sasa unamsikiaje? Hebu nionyeshe, unamsikia kwa wapi?"

Nikainua mkono mzima, nikagusa pua.

Mama akasema, "Puani?"

"Baba ananuka chuma," nikasema. "Ananuka, halafu naondoka."

Mama alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Akakaa chini, kwenye sakafu ya hospitali, na kanga yake nzuri.

Tabibu alivuta kiti akakaa nasi. Alimuuliza mama mambo mengi: kama nakakamaa, kama natetemeka, kama najikojolea, inachukua muda gani, kama nilizaliwa kwa shida, kama niliwahi kuumwa homa kali ya degedege. Kisha akasema ni kifafa. Neno hilo nililijua. Lilikuwa tusi la uwanja wa shule. Nilishangaa mtu mzima anamtukana mama yangu kwa upole namna ile, na mama anaitikia kwa kichwa.

"Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo," akaeleza. "Kwa huyu, kuna wakati umeme huo unapiga shoti. Shoti ikianzia sehemu inayoshughulika na harufu, atasikia harufu ambayo haipo. Ubongo unamtengenezea. Ikisambaa kichwa chote, anaanguka. Hatumwi na mtu. Na haiambukizi, si kwa mate wala kwa kumshika."

"Na kwa nini harufu ya baba yake?"

Tabibu akafikiri. "Hilo kwa kweli siwezi kukujibu. Labda ndiyo anayoijua zaidi."

Akamwonyesha mama la kufanya: kuniondoa kwenye hatari, kunilaza ubavu, kulegeza nguo, kusubiri, na kutoniwekea kitu mdomoni, hata kijiko. Ikizidi muda au ikirudia kabla sijazinduka, niletwe haraka. Akaandika vidonge, akasisitiza visikatwe hata nikionekana mzima.

"Atapona?" mama akauliza.

"Wengi wanatulia kwa dawa. Wengine inachukua muda kupata inayowafaa. Nisikuahidi."

Mama alitoka uani kupiga simu. Nilimwona kupitia dirishani, amegeukia ukuta, anazungumza na simu kama anayeificha. Upepo uliniletea maneno machache tu: "Ni harufu... Ndiyo, harufu yako. Harufu tu, baba Zuhura. Harufu tu."

Mtu aliyekuja kwa bibi baada ya hapo alivaa shati jeupe na makobazi, ananuka sabuni. Nilimwamkia. Nikamtazama nyuma yake nione baba anaingia.

"Zuhu. Ni mimi."

Uso ulikuwa wake na sauti ilikuwa yake. Nikamkaribia nikanusa shingo yake na hapakuwa na kitu, kama nyumba iliyohamwa. Nikaanza kulia kwa kwikwi. Walidhani nalia kwa furaha, mama akalia, bibi akalia. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilidhani na yeye wamemtoa.

Mjomba aliporudi kutoka Babati alimkuta baba barazani. Walipeana mikono. Mjomba alisikiliza maelezo yote ya mama, akakuna ndevu, akasema, "Basi dawa za hospitali ziende, na kisomo kiende." Akaagiza chai. Hakuomba radhi, na baba hakudai. Mpaka mjomba anafariki, walikuwa wakizungumzia mvua tu.

Tulirudi Nkuhungu. Vidonge vilinifanya nisinzie darasani, na kwa muda nilikuwa mzito kama gunia. Kuanguka kulipungua, kukawa kwa nadra, ingawa hakukuisha. Mama alikwenda shuleni akawaeleza walimu, akaenda kwa Mama Neema pia, wakazungumza jikoni kwa muda mrefu, na Neema akaruhusiwa kurudi upande wetu wa mfereji. Lakini mimi nilikuwa nimebakiwa na neno umeme. Baba alikuwa amenionya tangu nikiwa mdogo kwamba umeme na maji havikutani, kwa hiyo nilikataa kuoshwa nywele. Nilipiga mayowe bafuni. Mama alinibembeleza, akanichapa, akanibembeleza tena, na hakujua ninachoogopa ni kumuua yeye aliyeshika kata ya maji.

Nilikuwa tayari sekondari nilipomuuliza baba. Ilikuwa siku ya likizo, nimempelekea chakula karakana, vijana wametoka kwenda kuswali. Alinawa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumega ugali wa uwele na mlenda. Nikamuuliza kama alijua walichokuwa wanakisema wakati ule.

"Nilijua," akasema. "Mjomba wako aliniambia usoni. Na wateja wengine wakahamia kwa mafundi wengine, bila kusema."

"Ulikasirika?"

"Mwanzo nilikasirika." Alitafuna, akameza. "Halafu ukaziba pua pale kwenye basi. Nikasema, watu wazima wanaweza kuwa na chuki. Huyu mtoto hana chuki na mimi. Kuna kitu anakijua."

Sikuwa nimetegemea hilo.

"Nikaanza kutafuta nilichofanya. Labda nililipia mashine kwa mtu mbaya. Labda kuna maneno niliwahi kuyasema. Nilikwenda kwa shekhe nikamuuliza kama mtu anaweza kumtoa mwanawe bila mwenyewe kujua. Akasema hapana. Nikaenda Bahi kwa mchungaji aliyenibatiza utotoni, nikamuuliza hilohilo. Naye akasema hapana." Akafuta vidole kwenye ukingo wa sahani. "Lakini wote wawili walinitazama kwanza kabla hawajajibu."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanya nini? Nikasema, kama hali hiyo inatoka hapa karakana, basi niifunge. Nikawaambia vijana waende makwao. Tangu siku mliyopanda basi mpaka mama yako alipopiga simu, sikuiwasha mashine hata mara moja."

Akavuta sahani karibu, akamega tonge jingine.

"Maana nilisema, nikizima mimi, labda huko uliko utapumzika."